Skrubu Arobaini za Pipa la Krimu

Nilikabidhi funguo za stoo mwezi uliopita, na ninyi mnaobaki mmeniomba niwaachie maandishi juu ya skrubu za stenlesi: ipi iende wapi, na mtu atazitambuaje zikiwa zimefanana kama mapacha. Nitaandika. Lakini mkono wangu hauwezi kuandika juu ya skrubu hizo bila kuandika juu ya Kiptoo arap Sang, kwa hiyo vumilieni. Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio wenu.

Nilifika mji wa Sisibo kutoka Maragoli nikiwa na cheti cha shule ya misheni na viatu vya mjomba. Mji ulikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na barabara zake zilikuwa pana hivyo kwa sababu Makaburu walitaka magari yao ya ng'ombe yaweze kugeuka. Kiwanda cha siagi kilikuwa upande wa reli. Siku ya kwanza niliwekwa stoo kwa kuwa nilijua kusoma maandishi ya kwenye masanduku. Nilidhani stoo ni mahali pa kuweka vitu. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimempa fundi mmoja nati za ukubwa usiofaa mara tatu, na mara ya tatu alinirudishia kwa kunirushia.

Aliyenirushia ndiye aliyenifundisha. Jina lake Mohinder, Kalasinga mwenye ndevu zilizofungwa vizuri kuliko kifurushi chochote cha stoo yangu. Alikuwa mkuu wa mafundi. Kiswahili chake alikijenga mwenyewe, na kilitosha kazi yote. Jioni ile aliniita kwenye meza yake, akamwaga mkebe wa skrubu, akasema, "Karani, hii hapana ya kuhesabu tu. Kila moja iko na kazi yake. Wewe peleka mbaya, mashine nasema baadaye."

Miaka ile ya kwanza hatukuwa na stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Tulitumia shaba nyeupe, shaba nyekundu, na chuma kilichopakwa bati. Bati likikwanguka, chuma kinashika kutu, na krimu, ambayo ni chachu kidogo, hula kila kitu polepole. Ilikuwa kazi ya kubadilisha, kubadilisha, kubadilisha. Ndiyo sababu vita vya pili vya dunia vilipokwisha na pipa jipya la stenlesi likaletwa kwa treni kutoka Mombasa, tulisimama kulitazama kama watu wanaotazama bibi harusi. Kiptoo arap Sang, fundi wa mapipa, aliweka kiganja chake juu yake akasema, "Hili litanizika."

Kiptoo alikuwa Mnandi mrefu, mpole, mwenye kawaida ya kuzungumza na mashine kwa lugha yake. Alijifunza ufundi kwa Mohinder miaka tisa. Hakuwahi kufunga skrubu bila kuitazama kwanza. Mkewe alikuwa akimletea maziwa lala ya kibuyu, mursik, naye alinigawia kila mara, hata nilipokuwa mgeni asiyejulikana na mtu.

Sasa skrubu zenyewe. Sikilizeni vizuri.

Stenlesi zinazotufikia ni za namna tatu. Ya kwanza tunaiita kumi na tatu. Ni ngumu, inang'aa, inafaa visu na vishikio vya milango, mahali pakavu. Lakini krimu na chumvi zikiishika, inaota madoa ya kahawia, kisha vishimo vidogo kama vya ndui, na kwa kuwa ni ngumu, kichwa chake hukatika bila kutoa taarifa. Ya pili ni kumi na nane kwa nane. Hiyo ndiyo ya maziwa. Ni laini kidogo, haipendi haraka: ukiifunga kwa nguvu ndani ya nati ya stenlesi mwenzake, zitashikana na hutazitenganisha hata kwa msumeno. Ipake mafuta kidogo ya ng'ombe, izungushe taratibu. Na usitumie bisibisi iliyotoka kufungua skrubu za chuma cha kawaida, itaacha unga wa chuma na huo unga utashika kutu, nawe utailaumu skrubu bure. Ya tatu ni ya chumvi. Ni ghali na huletwa chache. Iwekeni kwa ajili ya matangi ya maji ya chumvi peke yake, na fundi akija kuiomba kwa ajili ya baiskeli yake, mwambieni nimesema hapana.

Kuzitenganisha, tumia sumaku. Kumi na tatu inarukia sumaku. Kumi na nane kwa nane haina habari nayo, labda kichwani kidogo, pale ilipogongwa kiwandani, inavutika kama mtu anayeamka kwa uvivu. Mkizoea mtajua tofauti ya kuvutika na kurukia.

Lakini kuna njia nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Ukizitazama sana, kumi na tatu ina wingu la samawati, na kumi na nane kwa nane ina weupe wa maziwa. Mimi nilianza kuziona kwa macho. Mafundi walinijaribu: wananiwekea kumi mezani, nazitenga, wanapitisha sumaku, nimepata zote. Wakaanza kuniita Jicho. Hata meneja alinileta mgeni wake mmoja, mkulima wa ngano, anione nikifanya. Mohinder peke yake hakucheka.

"Macho yako nzuri," alisema. "Leo. Kesho iko na mafua."

Kisha kreti moja ikafika imelowa. Mvua iliipata njiani, maboksi ya ndani yakaoza, na skrubu za kumi na tatu na za kumi na nane kwa nane, ukubwa mmoja, zikachanganyika zote. Zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Mohinder aliinama, akachota konzi moja, akairudisha.

"Sumaku. Moja moja. Hapana haraka."

Nilianza kwa sumaku. Siku mbili nilikaa chini nikipima moja moja, vidole vikinuka chuma. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na kwaya yetu ya lokesheni, mtaa wa Waafrika, ilikuwa inaenda kuimba Kitale. Mimi nilikuwa sauti ya nne, na sauti ya nne ilikuwa mimi na mzee mmoja kiziwi. Zilibaki karibu nusu. Nikaisukuma sumaku pembeni, nikazimwaga zilizobaki kwenye mwanga wa dirisha, nikazitenga kwa jicho. Nilimaliza kabla ya saa sita. Nilijisifu hata. Kwenye mkebe nikaandika kwa wino: ZIMEPIMWA.

Wiki ya pili yake Kiptoo alikuja. Walikuwa wanabadilisha mabapa yanayokoroga krimu ndani ya lile pipa jipya, na alitaka skrubu arobaini za kumi na nane kwa nane. Nikamhesabia. Akazichukua kiganjani, akazigeuza.

"Elam," akasema, "hizi ni za ile kreti iliyolowa?"

"Ndiyo."

"Umepima na sumaku?"

"Nimepima."

"Zote?"

Angeweza kuzipima mwenyewe. Sumaku ilikuwa mezani, kati yetu. Lakini kumwomba karani sumaku baada ya karani kusema amepima ni kumwita mwongo, na Kiptoo hakuwa mtu wa kumwita mwenzake mwongo.

"Zote," nikasema.

Akatia sahihi kitabuni akaenda.

Miezi haikupita mingi. Kwanza ilikuja siagi yenye madoa, boksi zima likarudishwa kutoka Nakuru. Meneja alilaumu maji. Kisha asubuhi moja gari liliingia uani kwa fujo, akashuka mkulima mmoja wa upande wa Soy, uso mwekundu, na leso mkononi. Ndani ya leso mlikuwa na kichwa cha skrubu na kipande cha jino. Jino lilikuwa la mkewe. Alikuwa ameuma mkate wenye siagi yetu.

Pipa lilifunguliwa. Skrubu kumi na moja kati ya arobaini zilikuwa zimeota kutu, na tatu hazikuwa na vichwa. Vichwa viwili havijaonekana hadi leo, na kuna watu katika nchi hii ambao pengine walivimeza wakamshukuru Mungu kwa kifungua kinywa.

Meneja alituita ofisini saa nne: mimi, Kiptoo, na Mohinder. Mkulima alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Meneja alikuwa ameshaamua kabla hatujaingia. Alisema skrubu nzuri zilitoka stoo, kitabu kinaonyesha, na mbaya zikakutwa kwenye pipa, kwa hiyo aliyekuwa katikati ameuza nzuri sokoni akafunga takataka.

Kiptoo alisema, "Bwana, nilifunga zile nilizopewa."

Meneja akanigeukia. "Wewe karani. Wewe napatia yeye skrubu nzuri? Kwisha pima?"

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko pale kwenye skrubu. Niliulizwa swali rahisi. Jibu nilikuwa nalo. Nilijua tangu mkulima alipofungua leso. Nilikiona kile kichwa cha skrubu kwa mbali, na lile wingu la samawati nililiona, maana jicho langu siku hiyo halikuwa na mafua. Kulikuwa na saa ukutani inayogonga. Nilifikiria nyumba yangu ya lokesheni, mke wangu aliyekuwa mja mzito, na jinsi watakavyocheka wakisema Jicho amepofuka. Naona aibu kuandika kwamba hilo la mwisho lilikuwa na uzito sawa na yale mengine.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Kitabu kinasema."

Kiptoo aligeuka akanitazama. Nilitegemea hasira. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyoitazama mashine inayotoa mlio asioujua, akijaribu kuelewa ni wapi.

Walimfukuza kabla ya saa sita. Kwenye kipande chake, kitambulisho cha kazi, meneja aliandika kwa wino mwekundu kwamba ni mwizi wa vifaa. Ninyi vijana hamkukibeba kipande shingoni, hamjui. Mtu mwenye maandishi yale hakuwa fundi tena popote kati ya hapa na Nakuru. Kiptoo alitoka na mfuko wake wa vifaa, na askari wa lango akaumwaga wote chini kutafuta skrubu. Alipiga magoti akaviokota kimoja kimoja, huku sisi tukipita kwenda kula.

Alasiri Mohinder alikuja stoo. Alichukua ule mkebe niliouandika, akauinamisha juu ya meza, akaingiza sumaku katikati. Ilitoka imefunikwa, kama nungunungu. Akaiweka mbele yangu na skrubu zake, akafuta mikono.

"Kesho asubuhi wewe nakwenda kwa meneja," akasema. "Hapana mimi. Wewe."

"Ndiyo, Fundi."

Kesho yake sikwenda. Wala kesho kutwa. Ijumaa nilimkuta Mohinder nje ya ofisi ya meneja, amesimama, kilemba kimenyooka. Akaniambia amekwisha kusema mwenyewe, na meneja amemjibu kwamba jambo limefungwa, mkulima amekwisha kuandikiwa barua kuwa mwizi amepatikana, na haiwezekani kumwandikia barua nyingine kumwambia hakupatikana.

"Kama wewe mwenyewe nasema siku ile ile, kwa mdomo yako," alisema, "pengine meneja nasikia. Sasa wamekwisha piga muhuri."

Alifanya kazi na mimi miaka mingine sita hadi alipostaafu akaenda Kisumu kwa mwanawe. Aliniomba vifaa, alisaini, alishukuru. Hakunifundisha kitu kingine tena hata kimoja. Kila nilichojifunza baada ya siku ile nilijifunza kwa kuharibu.

Mnajua mengine. Nilikuwa karani mzuri. Tangu siku ile hakuna skrubu iliyotoka stoo yangu bila sumaku, na mafundi wapya walinisifu kwa uangalifu, wakidhani nilizaliwa nao. Niliwasikia wakisema Mzee Elam hana makosa. Nilikuwa nikiingia nyuma ya rafu na kujifanya natafuta kitu.

Kiptoo nilimsikia kwa mbali. Alikuwa skwota kwenye shamba la Mzungu mmoja njia ya Moiben, anakamua ng'ombe. Maziwa aliyokamua yalikuja kwetu kila asubuhi, ndani ya mikebe yenye namba ya shamba lile. Niliijua namba hiyo. Miaka zaidi ya kumi na tano niliiona ikishushwa, na sikupanda baiskeli kwenda kumwona.

Kilichonipandisha si ujasiri. Mwaka jana niliambiwa tarehe ya kuacha kazi, nikafikiri: sasa hawawezi kuninyang'anya kitu. Ndivyo nilivyo. Nilingoja hadi ukweli usinigharimu kitu.

Nilimkuta akirekebisha mlango wa zizi. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijashuka. Mkewe alileta viti viwili na kibuyu, akanimiminia mursik bila kuniuliza, kisha akaenda kusimama mlangoni, na hakuondoka.

"Kiptoo," nikasema, "zile skrubu sikuzipima zote. Nilikudanganya. Na mbele ya meneja nikadanganya tena juu yako."

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Ulipotazama saa ya ukutani. Mtu anayesema kweli anatazama mtu." Alikunywa kidogo. "Nilikungoja. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila Jumapili, nikisema leo atakuja, yeye ni mtu wa kanisa. Mama yangu alikuwa hai bado. Aliniuliza kama niliiba, nikamwambia hapana, na akaniuliza tena. Alikufa akiwa bado ananiuliza."

Nikasema lile nililokuwa nimelitayarisha njiani. "Niliogopa kupoteza kazi."

"Na mimi nilikuwa na nini pale? Mchezo?"

Zizini ng'ombe walilia. Kiptoo akasema, bila ukali, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea njia, "Hapa umekosea mahali pa kusema. Mimi hukuniambia kwamba niliiba. Ulimwambia meneja. Rudi ukaseme pale pale."

Safari hii nilikwenda kesho yake. Meneja wa sasa ni kijana wa Kiingereza, mnamjua. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza huyo mtu ni nani, akatafuta faili, akalipata. Alisoma kwa muda. Aliniuliza kama ninaelewa kwamba anaweza kunifukuza leo bila zawadi ya kustaafu. Nikasema naelewa; kumbe bado walikuwa na kitu cha kuninyang'anya. Hakunifukuza. Alipiga taipu barua mwenyewe, akatia sahihi na muhuri, akanipa nipeleke.

Nilirudi Moiben Jumapili, baada ya ibada. Watoto wa Kiptoo walikuwa wamekuja wote. Binti yake mkubwa, Rael, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kapsabet. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni siku baba yake alipookota vifaa langoni. Kiptoo hakuichukua barua. Alisema, "Mpe mwalimu asome, kila mtu asikie."

Rael alisimama akasoma kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri kwa Kinandi, halafu kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Barua ilikuwa na mistari minne. Ilisema Kiptoo arap Sang alifanya kazi kwa uaminifu, hakuiba kitu, na kwamba aliachishwa kutokana na makosa ya stoo. Mkewe alifunika uso kwa kanga. Kiptoo alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha.

Rael hakuikunja barua. Aliirudia kwa macho, kisha akanitazama. Alikuwa na macho ya baba yake.

"Mzee," akasema, "hapa wameandika makosa ya stoo. Stoo ni nani?"

Nilitazama mtu, sikutazama kitu kingine.

"Stoo ni mimi," nikasema.

Akaitandika barua juu ya meza, akachomoa kalamu kwenye mkoba wake, akaniwekea kidole chini ya lile neno.

"Basi andika jina."

Nikaandika. Elam Kisia.